Uliza Kocha: Mfungaji wetu alipoumia tukaanza kushinda

Shikamoo Kocha. Mimi ni nahodha wa timu ya kikapu ya klabu, nacheza namba moja, yaani mpangaji wa mchezo. Tuna mfungaji mmoja ambaye karibu nusu ya pointi zetu ni zake. Katikati ya msimu aliteguka kifundo cha mguu, akakaa nje zaidi ya mwezi. Tulidhani tumekwisha. Badala yake tukaanza kushinda, tena tukazifunga timu mbili zilizotutandika mzunguko wa kwanza. Sasa amepona. Vijana wananong'ona kwamba bora abaki benchi, na mmoja aliniambia wazi: "Yule akirudi, sisi tunarudi kuwa watazamaji." Kocha wetu ameniomba maoni kabla ya mechi ijayo. Je, kweli timu inaweza kuwa bora bila mfungaji wake mkubwa? — Nahodha

Marahaba, mwanangu. Katika barua yako yote, maneno yaliyonigusa zaidi ni ya huyo kijana anayeogopa kurudi kuwa mtazamaji. Nitayafikia. Kwanza swali lako: mrudisheni, na aanze mechi. Timu kupata nafuu bila mfungaji wake mkubwa ni jambo linalotokea kweli, lakini halitokei mara nyingi kama linavyosimuliwa, na hadithi zake nyingi huishia katikati.

Chukua ile maarufu kuliko zote. Mwaka 1999 New York Knicks, timu ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, waliingia mtoano wakiwa wa nane Kanda ya Mashariki, nafasi ya mwisho ya kufuzu. Katika fainali ya kanda dhidi ya Indiana, Patrick Ewing, mhimili wao kwa zaidi ya miaka kumi, aliumia kano ya kisigino na msimu wake ukaishia hapo. Katika mfululizo huo wa mechi kila timu ilikuwa imeshinda moja. Knicks wakashinda mechi tatu kati ya nne zilizofuata na kuwa timu ya kwanza iliyoshika nafasi ya nane kufika fainali ya ligi. Latrell Sprewell na Allan Houston walikimbia, Marcus Camby akadaka kila mpira uliogonga ubao, na watu wakasema: mnaona, mzee alikuwa anawachelewesha. Mwandishi Bill Simmons aliieneza hoja hiyo mwaka 2001, na tangu hapo inaitwa Nadharia ya Ewing.

Nusu ya pili ya hadithi haisimuliwi. Kwenye fainali walikutana na San Antonio, wenye Tim Duncan na David Robinson, majitu mawili chini ya kikapu. Knicks walifungwa mechi nne kwa moja. Pale ndipo mtu mrefu wa kuwabana wale wawili alipohitajika, naye alikuwa amekaa nje na mguu wake mbovu.

Chicago nao hutajwa sana. Michael Jordan alistaafu ghafla Oktoba 1993, akitoka kwenye msimu wa wastani wa pointi 32.6 kwa mechi. Timu ilikuwa imeshinda mechi 57 pamoja naye. Msimu uliofuata ikashinda 55. Mtu akiona tofauti ya mechi mbili tu anasema Jordan hakuwa na uzito huo. Tazama ndani kidogo. Ukichukua wastani wa pointi walizowazidi wapinzani kwa mechi, zilishuka kutoka zaidi ya sita hadi karibu tatu. Maana yake mechi nyingi walizishinda kwa kubana, na mechi za kubana zinakwenda huku na huku. Walitolewa raundi ya pili. Jordan aliporejea Machi 1995 aliikuta timu ina ushindi 34 na vipigo 31. Mechi 17 zilizobaki wakashinda 13. Msimu mzima uliofuata walishinda 72 na kupoteza 10.

Na kuna upande ambao wapenzi wa nadharia hii hawaugusi kabisa. Cleveland walishinda mechi 61 mwaka wa mwisho wa LeBron James kabla hajaondoka 2010. Msimu uliofuata walishinda 19, na katikati yake walipoteza mechi 26 mfululizo. Hakuna aliyelitungia jina hilo, kwa sababu ndilo kila mtu alilolitarajia. Tunayakumbuka yanayotushangaza. Timu mia zikiporomoka baada ya nyota kuumia tunasema ni kawaida. Tatu zikipanda, tunatunga nadharia.

Sasa nisije nikakufanya udhani mlichokiona uwanjani ni ndoto. Hapana, kuna kitu kilitokea kweli, na ndicho ninachotaka mkishike kabla hakijawaponyoka.

Mfungaji mzuri ana mitupo ya aina mbili. Upo ule anaoupata mpira umezunguka, beki amechelewa, miguu imetulia. Huo hakuna mwenzake anayeweza kuutupa vizuri kama yeye. Halafu upo ule wa ishirini na kitu: mabeki wawili usoni, sekunde tatu zimebaki kwenye saa inayohesabu muda wa shambulizi, na yeye anatupa kwa sababu hakuna mwingine anayeutaka mpira. Huo wa pili ni mbovu hata akiutupa bingwa. Piga hesabu mwenyewe. Mtupo wa pointi mbili unaoingia asilimia 35 unakupa wastani wa pointi 0.7. Mwenzake aliyeachwa peke yake kwenye kona, hata kama ni mlengaji wa kawaida wa asilimia 33 kwa mitupo ya mbali ya pointi tatu, anakupa karibu pointi moja kamili. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa mlengaji bora kuliko wote kikosini na bado baadhi ya mitupo yake ikawa mibaya kuliko ya mchezaji wa saba.

Mwaka 2010 mwanafizikia mmoja Mmarekani, Brian Skinner, aliandika juu ya jambo hili akiazima hoja ya mwanahisabati wa Kijerumani, Dietrich Braess, ya mwaka 1968 kuhusu barabara. Ukifungua njia ya mkato inayowavutia madereva wote, inajaa mpaka kila mtu anachelewa kuliko zamani. Ukiifunga, magari yanatawanyika na wote wanawahi. Mfungaji wenu ndiye njia ya mkato. Kila shambulizi lilipita kwake kwa sababu, ukitazama shambulizi moja peke yake, yeye alionekana chaguo bora. Mabeki wakajua, wakajazana hapo. Alipoumia mkalazimika kutawanyika, na mkagundua njia ambazo zilikuwepo siku zote.

Ndiyo maana nasema yule kijana wako hakukosea alipolalamika. Nenda mazoezini umtazame mchezaji aliyezoea kusubiri. Yuko kwenye kona, magoti yamenyooka, mikono iko kiunoni, macho yanamfuata mfungaji anavyodunda mpira. Mpira ukimjia kwa bahati zikiwa zimebaki sekunde tatu, anaudaka kwa viganja vilivyolala, anaushusha mpaka tumboni kabla ya kuuinua, na beki aliyekuwa mbali ameshafika. Anakosa. Mfungaji anainua mikono kulalamika: "Mnaona? Nikiwapa hamfungi." Mwingine, aliyezoea kugusa mpira kila baada ya mashambulizi mawili, anakaa magoti yamekunjwa, viganja viko mbele ya kifua tayari, na anatupa kabla beki hajageuka. Anaweza kuwa mtu yuleyule, mwezi mmoja mbele.

Na ulinzi je? Hili mashabiki hawalioni kwenye karatasi ya takwimu. Mchezaji asiyegusa mpira upande mmoja hukimbia kwa uvivu kurudi upande mwingine. Naamini nusu ya ushindi wenu wa mwezi huo ilitoka hapo, kwenye miguu iliyoamka, wala si kwenye pasi. Muulize kocha wako kama wapinzani walifunga pointi chache kuliko kawaida katika mechi hizo. Nitashangaa akisema hapana.

Lakini usisahau mambo mawili yaliyowasaidia ambayo hayatadumu. Wapinzani walikuwa wamejiandaa kumkaba mtu ambaye hakuwepo. Hizo timu mbili mlizozilipiza kisasi zilikuja na mpango wa mzunguko wa kwanza, zikakuta timu ngeni. Mkikutana tena watakuwa wameshawasoma. La pili, mwezi mmoja ni muda mfupi. Bahati ya mitupo ya mbali peke yake inaweza kukupa au kukunyima mechi mbili tatu humo ndani.

Denver wanafundisha vizuri hapa. Februari 2011 walimuuza Carmelo Anthony, mfungaji wao mkuu, kwa New York, wakapokea wachezaji kadhaa wazuri wasio na jina kubwa. Baada ya hapo walishinda mechi 18 na kupoteza 7. Mpira ulikuwa unaruka mkono hadi mkono, raha kuangalia. Miaka miwili baadaye walifika ushindi 57 kwenye msimu wa kawaida. Lakini 2011 walitolewa raundi ya kwanza, na 2013 vilevile. Kwenye mtoano timu moja inakusoma usiku na mchana kwa wiki mbili, mbio zinapungua, na unafika wakati hakuna pasi inayopita na mtu mmoja lazima afunge akiwa amekabwa. Wakati huo ndipo utamtafuta mtu wenu wa pointi nyingi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hauhusu mtu kuondoka. Unahusu mtu aliyebaki. Msimu wa 1961–62 Wilt Chamberlain alikuwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi, akitupa karibu mara 40 kila mechi. Hajatokea mwingine. Timu yake ilishinda mechi 49, ikatolewa na Boston katika mechi ya saba ya fainali ya mashariki. Msimu wa 1966–67, akiwa Philadelphia 76ers chini ya kocha Alex Hannum, alitupa takriban mara 14 tu kwa mechi, akafunga pointi 24.1, na akatoa asisti (pasi za mwisho zinazozaa pointi) 7.8, idadi kubwa mno kwa mtu wa urefu ule aliyecheza chini ya kikapu. Mitupo yake iliingia asilimia 68. Timu ilishinda mechi 68 na kupoteza 13, ikawang'oa Boston waliokuwa wametwaa ubingwa miaka minane mfululizo, ikachukua kombe. Wenzake walikuwa bora kuliko wale wa mwanzo, hilo ni kweli. Lakini angeendelea kutupa mara 40, wangeutumia lini ubora wao?

Basi nenda kwa kocha wako na maombi haya. Mfungaji arudi kikosi cha kwanza, na mchezo mliocheza bila yeye ubaki uleule. Mazoezi ya kwanza akiwepo, chezeni bila kudunda kabisa: pasi na kukimbia tu. Atakasirika dakika kumi, halafu atajikuta anapokea mpira akiwa wazi, kitu ambacho huenda hajakionja tangu utotoni. Kisha wekeni sheria kwamba hakuna anayetupa mpaka mpira umegusa pande zote mbili, kushoto na kulia, isipokuwa mtu ameachwa peke yake au mko mbioni mnashambulia kwa kasi. Sekunde tano za mwisho za saa, mpeni yeye. Hiyo ni kazi yake na anaiweza kuliko ninyi wote. Kocha pia amchezeshe dakika chache pamoja na wachezaji wa akiba, ambao wanahitaji pointi zake zaidi, ili hao wengine wapate dakika zao za kuendesha mchezo.

Wewe kama nahodha una kazi nyingine, ngumu kuliko mazoezi. Mtafute kabla hajasikia manong'ono kutoka kwa mtu mwingine. Amekaa zaidi ya mwezi benchi akiwatazama mnashinda bila yeye, na kila ushindi umemfurahisha na kumuuma. Usimwambie acha uchoyo. Mwambie ulichokiona: mabeki wawili walikuwa wanamvaa yeye, sasa wakimvaa wawili, yupo mtu kona ya kushoto aliyekwishajifunza kufunga. Mwonyeshe kwa video kama mnazo. Mfungaji wa kweli anapenda mitupo rahisi. Hakuna anayefurahia kutupa akiwa ameng'ang'aniwa. Na huyo kijana mwingine mwambie kwamba hatarudi kuwa mtazamaji, ila naye asimame magoti yamekunjwa.

Shikamoo Kocha. Mimi ni mama. Binti yangu ana miaka 15 na ndiye anayefunga pointi nyingi kwenye timu yake. Mwalimu wake amemweka benchi mechi nzima "ili wengine wajifunze", akamwita mchoyo mbele ya wenzake. Timu ilifungwa kwa tofauti kubwa. Sasa binti anaogopa kutupa hata akiwa peke yake. — Mama wa mfungaji

Marahaba, mama. Nimeumia kusoma hii. Neno hilo mbele ya wenzake halikupaswa kutamkwa, na mwalimu akikupa nafasi, mwambie hivyo kwa heshima lakini bila kuzunguka.

Kutupa sana si uchoyo daima. Philadelphia ya 2000–01 ilikuwa na Allen Iverson, mdogo kuliko karibu wote uwanjani, aliyetupa zaidi ya mara 25 kwa mechi na kuingiza asilimia 42 tu. Ukiitazama namba hiyo peke yake utasema anawaangusha. Lakini waliomzunguka, akina Eric Snow, Aaron McKie na Dikembe Mutombo, walikuwa watu wa kuzuia na kudaka ribaundi, yaani mipira inayorudi baada ya mtupo kukosa. Kocha Larry Brown aliijenga timu makusudi hivyo: wanne walinde, mmoja abebe mzigo wa kufunga. Walishinda mechi 56, wakafika fainali, wakaifunga Lakers mechi ya kwanza kwa pointi 48 za Iverson kabla ya kupoteza nne zilizofuata. Akawa mchezaji bora wa ligi. Mtupo wake mgumu ulikuwa bado bora kuliko mtupo wowote mwingine waliokuwa nao.

Ila mtu huyohuyo, mahali tofauti, akawa hadithi nyingine. Novemba 2008 Denver, alikokuwa amehamia, walimpeleka Detroit wakamchukua Chauncey Billups, mpangaji wa mchezo. Denver walifika fainali ya kanda ya magharibi msimu huohuo. Detroit, walioshinda mechi 59 mwaka uliotangulia, walishinda 39. Iverson hakuwa amebadilika sana kwa miezi michache. Waliomzunguka ndio walikuwa wengine.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwalimu ni hili: hao wengine anawafundisha kufunga mazoezini, au anamtoa tu mwanao na kungoja wajue wenyewe? Benchi halimfundishi mtu kutupa. Kama anataka wenzake wakue, na awape mitupo mia kila mazoezi, kisha amfundishe binti yako kutazama beki wa pili anatokea wapi, maana alipotoka beki huyo ndipo mwenzake alipoachwa wazi. Mtoto wa miaka 15 anajifunza hilo haraka sana akifundishwa kwa upole.

Naye binti mwambie kutoka kwangu: ukiwa peke yako na mpira uko mkononi, tupa. Usipotupa, beki wako anakwenda kumsaidia mwenzake, na unawanyima wenzako nafasi.

Kocha, naomba kujua namna ya kupima kama mfungaji mkubwa anaisaidia timu. Kaka yangu anasema hesabu tu mlivyoshinda na mlivyofungwa akiwepo na asipokuwepo. Inatosha? — Msomaji wa kila toleo

Haitoshi, ingawa ni mahali pa kuanzia. Ukihesabu ushindi peke yake, mechi ya kushinda kwa pointi 1 inalingana na ya kushinda kwa 30. Afadhali uandike tofauti ya pointi kwa dakika alizokuwa uwanjani na kwa dakika alizopumzika. Kisha uandike alikuwa na nani, na walicheza na nani, kwa sababu mfungaji huanza mechi akikabiliana na kikosi cha kwanza cha wapinzani, na dakika zake za kupumzika mara nyingi ni za wachezaji wa akiba wa pande zote.

Na uliza nani aliingia mahali pake. Toronto walimuuza Rudy Gay Desemba 2013, mmoja wa wafungaji wao wakuu, aliyekuwa anaingiza chini ya asilimia 40 ya mitupo yake. Walikuwa na ushindi 6 na vipigo 12. Wakamaliza na ushindi 48. Wengi humtaja kama mtu aliyekuwa anaizuia timu, na mitupo yake mibaya kweli ilikwenda kwa Kyle Lowry na DeMar DeRozan waliokuwa wanakomaa. Lakini katika biashara ileile walipokea pia Greivis Vásquez na Patrick Patterson, wakapata benchi ambalo hawakuwa nalo. Kuondoka kwa mmoja na kuja kwa hao wengine ni vitu viwili, na hesabu ya kaka yako inavichanganya.

Ukitaka kipimo kimoja cha haraka, kaa na kalamu mechi moja nzima. Kila mara mfungaji wenu anapotupa, andika mabeki wangapi walikuwa mbele yake na kama kulikuwa na mwenzake aliyesimama wazi. Ukikuta mitupo mingi ina mabeki wawili na mwenzake yuko wazi, pointi mnazipoteza kwenye pasi ambazo hazikutoka. Ukikuta ana mabeki wawili na hakuna aliye wazi, basi waangalie hao wanne wengine: huenda wamesimama tu.